Ndege za nauli nafuu zapita juu ya Morogoro, hesabu yabaki Msamvu

NAULI ya sh. 32,000 kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ilisomeka kama kosa la mchapaji aliyesahau sifuri moja. Lakini haikuwa kosa. Novemba 29, 2012, ndege za Fastjet aina ya Airbus A319, zenye viti 156 kila moja, zilianza kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Tiketi za awali ziliuzwa kuanzia bei hiyo, kabla ya kodi na ada za serikali.

Miaka sita baadaye, Desemba 2018, shughuli za kampuni hiyo nchini zilisimama. Kati ya tarehe hizo mbili safari zake zilienea Mwanza, Kilimanjaro, Zanzibar na Mbeya, kisha zikavuka mipaka. Morogoro haikuwamo hata siku moja.

Kwa mfanyabiashara wa Morogoro na kwa mwenye akiba anayefikiria kuiweka katika biashara ya usafiri, habari hii haijapitwa na wakati. Inaonyesha ni wapi nauli nafuu huenda, ni wapi haiendi, na ni nani anayelipa hesabu isipotimia.

YALIFUATWA MABASI

Nyuma ya Fastjet ilikuwako kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa la London. Mwaka 2012 ilichukua shughuli za shirika la Fly540 kutoka kwa Lonrho, na ikapata kibali cha kutumia jina la biashara lililohusishwa na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet ya Ulaya. Kwa hiyo mtindo wenyewe haukuwa mgeni duniani: ndege za aina moja, safari za moja kwa moja, tiketi za mapema kwa bei ya chini na za mwisho kwa bei ya juu, na kila huduma ya ziada kulipiwa peke yake.

Kilichokuwa kipya ni mteja aliyelengwa. Fastjet haikutafuta tu abiria wa mashirika mengine ya ndege. Ilimtafuta msafiri wa basi. Malipo kwa simu ya mkononi yalipokelewa, ili mtu asiye na kadi ya benki aweze kununua tiketi.

Ukitazama ramani, mpangilio unaonekana bila shida. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi huchukua siku nzima. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa 2012, ulikuwa na njia ya kupokea ndege kubwa ambazo uwanja wa zamani wa Mbeya mjini haukuzimudu. Novemba 2013 Fastjet ilikuwa imeshafika Songwe.

Johannesburg iliongezwa Oktoba 2013. Lusaka, Harare na Entebbe zikafuata mwaka 2014, Lilongwe mwaka 2015, na Nairobi Januari 2016. Safari za nje zilitegemea vibali vya serikali za nchi husika, ndiyo sababu Nairobi, iliyo karibu kuliko Johannesburg, ilichelewa kwa zaidi ya miaka miwili.

Kanuni ni moja kwa njia zote za ndani: palipo na umbali mrefu, watu wengi na barabara inayochosha, ndege yenye nauli nafuu ina soko. Palipo na umbali mfupi, haina.

KWA NINI SI MOROGORO

Morogoro iko kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam. Kiwanja chake ni kidogo, na hakikuwahi kuwa na njia ya kupokea Airbus. Lakini hata kingekuwa na lami ndefu kama ya Songwe, hesabu isingekubali.

Ndege hutumia mafuta mengi zaidi inapopaa. Ada ya kutua ni ileile kwa safari ya dakika 30 na ya dakika 90. Wahudumu, vyeti na ukaguzi havipungui kwa kuwa mji uko karibu. Gharama hizo zikigawanywa kwa kilomita 190 tu, kila kilomita inakuwa ghali mno kuliko ya basi.

Abiria naye ana hesabu yake. Akae kwenye foleni hadi uwanjani, afike saa moja au zaidi kabla ya kuruka, akaguliwe, kisha akishuka atafute gari la kumpeleka mjini. Basi lililoondoka muda uleule aliotoka nyumbani lingekuwa limeshamwacha Chalinze nyuma.

HESABU YA KITI

Wengi waliamini kwamba nauli ya sh. 32,000 ndiyo iliyoendesha ndege. Tarakimu zinakataa.

Viti 156 vyote vikiuzwa kwa sh. 32,000, mapato ni sh. 4,992,000. Ndege aina ya A319 hutumia takriban lita 3,000 za mafuta kwa saa. Mwaka 2012 bei ya mafuta ya ndege katika soko la dunia ilikuwa karibu dola 3 kwa galoni ya Kimarekani, yaani kama senti 80 za dola kwa lita. Kwa dola moja kuwa kiasi cha sh. 1,600 wakati huo, saa moja hewani iligharimu sh. 3,840,000 za mafuta peke yake.

Safari ya Mwanza huchukua zaidi ya saa moja na robo. Ina maana kwa ndege iliyojaa hadi kiti cha mwisho kwa nauli ya chini, mafuta yalimeza karibu mapato yote, achilia mbali kodi ya ndege, mishahara, matengenezo na ada za viwanja.

Nauli hiyo ilikuwa chambo. Faida, kama ipo, ilitakiwa itoke kwa abiria aliyekata tiketi siku mbili kabla ya safari na kulipa mara kadhaa ya bei hiyo, pamoja na aliyelipia begi. Wauzaji wa sokoni wanaujua mtindo huu: fungu la mbele la nyanya huuzwa bei ya kuvutia, faida hutoka kwenye yanayofuata. Tofauti ni kwamba nyanya zisizouzwa leo zinaweza kuuzwa kesho kwa bei pungufu. Kiti kilichoruka kitupu kimepotea moja kwa moja.

MSAMVU ILIPUNGUKIWA NINI

Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea kutoka Dar es Salaam kwa kawaida hupita Morogoro. Vivyo hivyo ya Dodoma, Singida, Tabora, Kigoma na Mwanza. Kituo cha Msamvu kimejengwa juu ya msingi huo: mama lishe, wauza ndizi, wauza mayai ya kuchemsha, mawakala wa tiketi na wapakiaji mizigo wote wanaishi kwa abiria wanaopita kwenda kwingine.

Ndege moja ya viti 156 ikijaa inabeba watu sawa na mabasi makubwa yapatayo matatu. Si wote hao wangepanda basi. Wapo ambao bila nauli nafuu wasingesafiri kabisa, na wapo waliotoka mashirika mengine ya ndege. Hata hivyo, kila msafiri wa Mbeya au Mwanza aliyehama kutoka barabarani hadi angani alikuwa mteja aliyepita juu ya Msamvu bila kununua hata kikombe cha chai.

Hapa ndipo Morogoro inapotofautiana na Mwanza. Kwa mfanyabiashara wa Mwanza, ndege ya bei nafuu ilifupisha njia ya kwenda Kariakoo kuchagua bidhaa. Kwa mwenzake wa Morogoro haikufupisha chochote, na ilimpunguzia wapita njia. Mtandao mmoja ulioenea nchi nzima unaweza kuwa neema kwa mji mmoja na hasara kwa mwingine.

DOLA ILIPOPANDA

Tatizo kubwa la mtindo huu halikuwa angani. Lilikuwa kwenye sarafu.

Abiria wa ndani hulipa kwa shilingi. Mwenye ndege ya kukodi hulipwa kwa dola. Vipuri ni dola, bima ni dola, mafuta bei yake hupangwa kwa dola. Mwaka 2012 deni la dola 1,000 lilihitaji kiasi cha sh. 1,600,000. Mwishoni mwa 2015 lilihitaji karibu sh. 2,150,000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka mitatu.

Bei ya mafuta duniani ilishuka sana kuanzia katikati ya 2014, na nafuu hiyo ilisaidia. Lakini kodi ya ndege haikushuka, na nauli haikuweza kupandishwa kwa theluthi bila kuwarudisha abiria kwenye mabasi waliyotoka.

Mwaka 2016 Fastjet ilibadili uongozi, ikahamisha makao makuu kutoka Uingereza kwenda Johannesburg, na ikaanza kuondoa Airbus na kuingiza ndege ndogo zaidi aina ya Embraer 190. Mabadiliko hayo yenyewe yalikuwa ungamo kwamba viti vilikuwa vingi kuliko abiria wenye kulipa bei inayotosha.

Septemba mwaka huohuo serikali ilipokea ndege mbili za Bombardier Q400 zenye viti 76 kila moja, na Air Tanzania ikafufuliwa. Ndege hizo za pangaboi zilifaa viwanja vidogo na ziliendelea kuongezwa. Ushindani ukawa na mshindani ambaye mtaji wake hautoki kwa wanahisa wa London.

Novemba 2018 kampuni mama iliuza hisa zake za Fastjet Tanzania kwa Lawrence Masha, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwezi uliofuata Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ilitoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Abiria waliokuwa wameshakata tiketi za sikukuu walibaki na karatasi.

WALIOBAKI HEWANI

Si sahihi kusema nauli nafuu haiwezekani Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Jambojet ilianza Aprili 2014 ikiwa chini ya Kenya Airways. Ilijikita kwanza katika miji ya Kenya yenyewe kama Mombasa, Kisumu na Eldoret, na baadaye ikategemea ndege za Q400. Hata reli mpya ya Nairobi na Mombasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, haikufunga.

Jambojet ilianza na kampuni mama iliyo nyumbani, ikapunguza ukubwa wa ndege kulingana na soko, na haikukimbilia miji ya nchi sita kabla ya kuimarisha njia za ndani.

Umiliki wa serikali nao hauondoi gharama, unabadilisha tu mlipaji. Kwa mujibu wa taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Air Tanzania ilipata hasara ya sh. bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23 na sh. bilioni 91.8 katika mwaka 2023/24. Sehemu ya matatizo ilitokana na ndege za Airbus A220 kukaa chini kwa hitilafu za injini zilizokumba mashirika mengi duniani. Hasara hiyo haimfikii abiria kwenye tiketi. Inamfikia kwenye kodi.

RELI YAJIBU SWALI

Ahadi ambayo ndege haikuweza kuitoa kwa Morogoro, yaani safari ya haraka kwa bei ya mtu wa kawaida, ilitimizwa na treni. Juni 14, 2024, Shirika la Reli (TRC) lilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa reli ya kisasa. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa sh. 13,000, na safari ilichukua chini ya saa mbili. Julai 25 mwaka huo treni zikafika Dodoma kwa sh. 31,000.

Linganisha na basi. Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipanga kikomo cha nauli ya basi la kawaida kuwa sh. 48.47 kwa kilomita. Kwa kilomita 190 hiyo ni kama sh. 9,200. Abiria wa treni aliongeza basi sh. 3,800 hivi, akaokoa saa mbili au zaidi, hasa siku ambazo magari husimama Kibaha.

Lakini yaliyosemwa kuhusu ndege yanarudi hapa kwa sura nyingine. Abiria wa treni wa Dodoma hashuki Msamvu. Stesheni mpya iko nje ya katikati ya mji, na treni haisimami muda wa mtu kula wali. Biashara iliyotegemea wapita njia inabanwa sasa kutoka chini kama ilivyobanwa kutoka juu. Mwenye kibanda Msamvu anayepanga kukarabati au kuongeza pango afikirie kwanza ni abiria gani waliobaki barabarani: wa Iringa, Mbeya na Songea, ambako reli hiyo haikuelekezwa, na wale wenye mizigo.

MZIGO WA MGETA NA KINOLE

Mizigo ndiyo utajiri halisi wa Uluguru. Upande wa Mgeta, wakulima wa Nyandira na vijiji jirani hulima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye miteremko, na mazao hushuka hadi barabara ya Iringa pale Sangasanga. Upande wa mashariki, Kinole, Mkuyuni na Matombo hutoa ndizi, matunda na viungo: pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Sehemu huishia Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, na sehemu kubwa huvuka hadi masoko ya Dar es Salaam.

Hakuna tenga la nyanya litakalopanda ndege ya nauli nafuu. Mtindo ule uliwekwa kwa abiria mwenye begi dogo, na kila kilo ya ziada ililipiwa. Treni ya abiria nayo haikuundwa kwa matenga. Mali ya Uluguru inabaki kwenye Fuso, na sehemu ya juu kabisa ya milima inabaki kichwani na kwenye bodaboda, hasa masika yanapoharibu njia.

Hata hivyo, siri ya kiti inafanya kazi kwenye Fuso vilevile. Chukua mfano: mchuuzi anatumia sh. 40,000 kwa nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, chakula na simu. Akiuza kilo 500 za karoti, safari yake inaongeza sh. 80 kwa kila kilo. Akiuza kilo 2,000, inaongeza sh. 20. Mchuuzi wa pili anaweza kupunguza bei sokoni kwa sh. 40 na bado akamshinda wa kwanza kwa faida ya kila kilo.

Ndiyo maana wachuuzi wanne wanaojaza gari moja na kumtuma mmoja wao kusimamia mauzo wana nguvu kuliko wanne wanaosafiri kila mtu na magunia yake. Nafasi tupu kwenye Fuso iliyoondoka Sangasanga ni sawa na kiti kitupu kilichoruka kwenda Mwanza: imelipiwa mafuta, haikuleta kitu.

Kwa viungo, haraka si hoja. Pilipili manga na karafuu zilizokaushwa vizuri hazioizi njiani, na njia nafuu kwa soko la nje ni meli. Kwa mboga na matunda laini ya kuuza nje, ndege inayohusika si ya abiria bali ya mizigo. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo yenye uwezo wa tani 54. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Vyombo hivyo vina maana kwa mkulima wa Mgeta ikiwa tu kuna chumba cha ubaridi, vifungashio na vyeti vya ubora kabla ya mzigo kufika Dar es Salaam. Bila hivyo, tani 54 ni tarakimu ya kusoma gazetini.

KWA MWENYE AKIBA

Mwekezaji mdogo alishapata nafasi ya kununua hisa za shirika la ndege. Mwaka 2011 Precision Air iliuza hisa kwa umma kwa sh. 475 kila moja na kuandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mauzo hayakufikia lengo, na katika miaka iliyofuata kampuni ilitangaza hasara mara kwa mara. Walionunua kwa kuvutiwa na ndege zilizojaa walijifunza kwamba ndege iliyojaa na ndege yenye faida ni vitu viwili.

Kabla ya kuweka fedha katika usafiri, uwe wa angani au wa barabarani, maswali matatu yanatosha kuanzia. Mapato ni ya sarafu gani, na madeni ni ya sarafu gani? Chombo kikienda kimejaa, hurudi na nini? Nauli inayotangazwa inalipa gharama, au inalipwa na mtaji wa wanahisa hadi utakapokwisha?

Mwenye basi dogo la Morogoro na Dar es Salaam aliyekopa kwa shilingi, anayelipwa kwa shilingi na anayerudi na mzigo wa duka, yuko salama kwenye swali la kwanza na la pili kuliko ilivyokuwa kampuni ya London yenye Airbus. Hatari yake iko kwenye la tatu, kwa kuwa treni imeshaweka kikomo cha kile abiria asiye na mzigo yuko tayari kulipa. Kwake, nafasi ya kukua iko kwa abiria mwenye mzigo na katika njia za Mgeta na Matombo, ambako hakuna reli wala ndege inayomshindania.